Sweta Lililonitosha Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana mwenzangu mmoja kazini nilimsimulia robo tu ya haya mambo akacheka mpaka akaegemea mashine ya kukaushia nguo, na mimi sikuona kichekesho chochote.

Mimi ni mpiga pasi. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo wageni hawajui hata kama kuna watu, na kazi yangu ni mashuka: yanatoka kwenye mashine yana unyevu kidogo, mimi na mwenzangu tunashika ncha, tunayapitisha kwenye roli la moto, yanatokea upande wa pili yamenyooka, tunakunja, tunapanga, basi. Si kazi mbaya. Nchi hii si yetu, lugha yao nimeishika ya kuulizia njia na ya kazini, na kule chini hakuna anayeniita kwa jina langu, msimamizi anatuita sote "rafiki", hata yule anayetaka kumfukuza anamwita rafiki. Sisemi hili kwa kulalamika, nasema ili unielewe.

Naishi na rafiki yangu mmoja, nitamwita Lifti kwa sababu ni fundi wa lifti na hata chumbani namwita hivyo hivyo, yeye ananiita Pasi. Huyu mtu namheshimu. Nilipofika mji huu, ndugu aliyeniahidi kunipokea alizima simu, nikawa nimekaa stesheni na begi langu sijui pa kwenda, mara nikasikia mtu anagombana kwa Kiswahili kwenye simu, mtu kamwibia bisibisi, nikainuka nikamfuata nyuma nyuma kama kifaranga mpaka akageuka akaniuliza, "Ndugu yangu, unanifuata mimi au unafuata njia yako?" Nikamwambia nafuata Kiswahili. Akacheka, akanibebea begi, akanitandikia godoro chini ya dirisha, na hii kazi ya pasi ni yeye aliyenitafutia. Tangu hapo tunakaa chumba kimoja, vitanda viwili, jiko la umeme, na dirisha linaloangalia ukuta wa jengo la jirani. Ukiniuliza nani ndugu yako hapa mjini, ni yeye. Kwa hiyo haya ninayoandika siandiki kwa ubaya.

Tatizo ni mama yake.

Simu ya Lifti ilimponyoka kazini ikatumbukia kwenye shimo la lifti, ghorofa zote zile, hata laini haikuokoka. Akaniomba tumpe mama yake namba yangu kwa muda. Mama hupiga Jumapili, na Jumapili ndiyo siku mafundi wa lifti wanabanwa na kazi kwa sababu maofisi yako matupu, na mimi Jumapili napumzika. Jumapili ya kwanza simu ikaita, nikaitika, "Naam mama, shikamoo," kama ninavyomwitikia mama wa mtu yeyote, na kabla sijasema mimi ni nani akaanza, "Marahaba baba yangu, marahaba, ee Mungu wangu asante," maana Lifti kapewa jina la babu yake mzaa mama, kwa hiyo mama yake humwita baba, akalia, akacheka, akauliza nimekula, nikasema nimekula, akasema sauti yangu imekuwa nzito, nikasema ni baridi, mama. Sasa hapo ningefanya nini? Mtu analia kwa furaha, utamkatisha umwambie samahani umekosea mtu? Nikaona Lifti akirudi atarekebisha mwenyewe.

Lifti alirudi, nikamweleza, akaketi kitandani na mabuti yake, akacheka, halafu akasema, "Umeniokoa, Pasi. Endelea tu kwanza." Hiyo kwanza haijaisha, huu ni mwaka wa tatu. Simu mpya alishanunua zamani. Kuna Jumapili nyingine yupo hapo hapo kitandani, simu inaita, namnyooshea, anatikisa kichwa na kunionyesha kwa mkono kwamba pokea wewe. Si kwamba hampendi mama yake, hapana. Aliaga kwamba anakuja miaka miwili tu na imepita mingi zaidi, na kila simu mama lazima aulize, "Unarudi lini?", na hilo swali analikimbia. Mimi silikimbii, najibu tu, "Karibuni, mama," kwa sababu anayesubiriwa si mimi.

Mimi mama yangu alifariki sijaanza hata shule. Nimelelewa na mjomba, mtu mwema, lakini simu yake ni ya kuuliza kama niko hai, nikisema niko hai anasema haya. Kwa hiyo sikuwa nimezoea kuulizwa kama nimejifunika vizuri. Mara ya kwanza mama wa Lifti aliponiuliza kama nimevaa soksi nilidanganya kwamba nimevaa, kisha nikaona haya, nikaenda kuzivaa nikarudi kuongea. Nasema wazi, mshauri, Jumapili yangu ikawa ni ile simu. Nafagia chumba, naoga, nakaa kitako nasubiri.

Na kuongea naye si kazi kama unavyofikiri. Mwanzoni niliogopa nitakamatwa, lakini mama ni mtu mzima, anapenda kueleza. Akimtaja shangazi anasema, "Shangazi yako, yule dada mkubwa wa baba yako anayekaa karibu na kinu cha kusaga, mwenye maneno mengi." Akimtaja jirani anaanzia kwa babu yake jirani. Basi ananisaidia sana bila mwenyewe kujua, mpaka leo ukoo wa Lifti naujua kuliko Lifti. Hata lile neno baba siku hizi ameliacha, ananiita mwanangu tu.

Halafu nilimwambia kwamba naishi na mwenzangu mmoja, mpiga pasi, hana mama. Yaani nilijitaja mwenyewe, kwa sababu mtu hawezi kusema uongo mtupu muda wote, lazima apenyeze ukweli kidogo apumue. Mama akasema, "Maskini. Msalimie sana. Mwambie mimi nipo." Nikajisalimia. Baadaye akaanza kumuulizia huyo mwenzangu kila Jumapili, tena kwa kirefu kuliko anavyoniulizia mimi, anakula, analala, hasira zake zimepungua? Kuna siku akaniuliza, "Na huyo mwenzako, bado anang'ata kucha?" Nikaangalia kucha zangu, sijawahi kuzing'ata maishani, nikasema hapana, halafu nikamwona Lifti pale kitandani kidole kiko mdomoni, nikababaika, nikasema kidogo, mama, kidogo tu. Akasema, "Mwambie aache." Nikamwambia Lifti mama yako kasema uache kung'ata kucha, akadhani namtania. Nikaona ah, wazee huchanganya mambo, nikaliacha lipite.

Sasa nafika penyewe. Kabla baridi ya mwaka huu haijaanza mama aliniambia anafuma sweta, nimpe vipimo. Akasema, "Chukua kamba, jipime kuanzia bega mpaka kifundo cha mkono, halafu nihesabie shubiri." Na mimi, mshauri, nikachomoa kamba ya kiatu, nikajipima, nikamhesabia. Mimi! Mikono yangu mimi! Mimi ni mrefu kama nguzo ya umeme, na Lifti ni mfupi mwenye kifua kipana, tukisimama pamoja watu hucheka. Sikufikiri. Niliulizwa kipimo nikatoa kipimo. Mama akazirudia zile shubiri polepole, wala hakushangaa, akasema, "Haya, mikono mirefu. Nitaongeza uzi." Sweta likaja kwa mkono wa msafiri, la kijivu, kola ya kukunja, vifungo vya mbao, likanitosha mpaka nikaogopa.

Mwisho wa mwezi huu Lifti anaenda nyumbani. Kapata likizo, kakata tiketi, mara ya kwanza tangu aondoke. Nilifurahi, kweli nilifurahi, mpaka aliponikalisha akanipa mpango wake. Anataka kila jioni nimfundishe yote niliyozungumza na mama yake, nani kaoa, nani kafariki, kaulizwa nini akajibu nini, ili akifika asije akaumbuka, na yeye akishapanda ndege mimi nibadilishe namba. Na sweta atalivaa siku ya kushuka ili mama alione mwilini. Alilijaribu. Mikono ilipita vidole ikaning'inia, na mbele vifungo havikukutana kabisa. Akasema si neno, kuna fundi cherehani karibu na kazini kwake, atakata ile mikono, na atakachokata atakiunga ubavuni lipanuke. "Kwani we utalivaa wapi, Pasi? Huko chini kwenu joto tupu."

Nikamwambia nitafikiria. Tangu siku hiyo sweta liko chini ya godoro langu, yeye kanuna, tunapishana pale kwenye jiko kama wapangaji wasiojuana, na juzi kazini nimeunguza shuka, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Najua sweta si langu, mtu aliyekusudiwa ni mwingine. Lakini nikifikiria mkasi unaingia pale naumia, mshauri, naumia kama mtoto. Nikimkatalia nitakuwa namharibia safari mtu aliyeniokota stesheni. Nikimwambia mama ukweli nampoteza yeye, nampoteza na Lifti, na katika mji huu wote sina mtu wa tatu. Nikikubali, Jumapili mama atapiga namba iliyokufa, na mimi nitakuwa nimekaa nimeshaoga. Je, nimpe sweta akalikate, au nifanye nini?

Ni mimi, Mpiga Pasi.

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Mpiga Pasi, pole. Hiyo pole ishike vizuri, maana sina nyingine, yaliyobaki ni ya kukugombeza.

Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni, na kabla sijafika hapo kwenye vipimo mume wangu akauliza, "Huyu kijana haoni?" Huoni, mwanangu. Unanyoosha mashuka ya hoteli nzima, hili lako limejikunja mbele ya macho yako nawe umelilalia.

Hebu niambie, mama gani anamweleza mwanawe shangazi yake ni nani? Mimi nikitaka kumtaja shangazi wa wanangu naguna tu, wanajua ni yupi na leo kafanya nini. Anayeelezwa kwamba ni dada mkubwa wa baba yako, anakaa karibu na kinu, ni mgeni, na mgeni mwenyewe ni wewe. Halafu mikono! Mtu mzima mwenye ajira na tiketi ya ndege mikono yake inarefuka? Huyu mama kamzaa mtoto mfupi, kampunguzia suruali za shule kwa mkono wake, leo anatajiwa mikono ya nguzo ya umeme, naye anasema haya, nitaongeza uzi. Umeandika mwenyewe kwamba hakushangaa. Hukujiuliza kwa nini hakushangaa?

Mama anajua. Sikuwepo, lakini niko tayari kubishana na yeyote. Labda alijua Jumapili ile iliyofuata, machozi yalipokauka akasikiliza vizuri. Ndiyo maana lile "baba" ameliacha, hilo ni la mtoto wake mwenye jina la babu, na hakutaka kulipeleka kwa mtu mwingine. Akakupa "mwanangu", ambalo halikuwa uongo kwa kijana yeyote anayemwamkia.

Utauliza, kama anajua mbona kanyamaza. Rudi kwenye kucha. Humo chumbani anayeng'ata kucha ni nani? Alipokuwa anakuuliza "mwenzako" hajambo, anakula, analala, hasira zake zimepungua, alikuwa anamuulizia mtoto wake wa kumzaa. Mlango wa mbele mmemfungia, akazunguka uani. Alijua kabisa kwamba siku atakayosema "wewe si mwanangu" mtaona haya nyote wawili, simu haitapokelewa tena, na habari zitakatika. Basi akameza. Jumapili hadi Jumapili anameza, na nyinyi mabwana wawili mnajiona wajanja! Hapo ndipo nilipokasirika, wala si kwenye sweta.

Wewe Fundi Lifti, najua utalisoma hili gazeti kwa sababu Mpiga Pasi atakuwekea mezani makusudi. Mama akiuliza unarudi lini, si hakimu huyo. Ungemjibu "Sijui, mama, mambo yamekuwa magumu," angesema pole, mngeendelea kuongea habari za kinu. Badala yake umemkodisha mtu akuitikie, na sasa unataka kukaa darasani usomeshwe mama yako. Hata aibu huna! Moyo wako najua si mbaya, mtu mbaya hambebei mgeni begi stesheni. Umeogopa, basi. Lakini kuogopa kwako kumemzeesha mwenzio na kumemzeesha mama yako.

Na wewe Mpiga Pasi usijifanye malaika hapo. Ulianza kwa huruma, ukanogewa. Ndiyo, kunogewa ndilo neno lake. Soksi sikulaumu, kila mtu anataka wa kumuuliza kama amevaa soksi, na mtu aliyelelewa kwa "uko hai, haya" anataka zaidi. Ila ungeweza kumwambia zamani, na ungeulizwa soksi vilevile. Na hilo la kuokotwa stesheni, shukrani yake umeshaitoa, tena umepitiliza. Shukuru kwa kupika, shukuru kwa kumfulia mabuti, usishukuru kwa kuwa mtoto wa mama yake.

Sasa nisikilize. Sweta haligusi mkasi. Achilia mbali mengine yote, kitu cha kufuma kwa mkono ukikikata kinafumuka, na fundi cherehani mwenye akili atamrudishia. Litoe chini ya godoro, utaliharibu kola. Kumfundisha Lifti hakuna, usimwambie hata nani kaoa. Aende hivyo hivyo hajui kitu, aulize, aambiwe, aambiwe tena, mama yake ashinde kutwa anamweleza jirani mpaka kwa babu yake jirani. Kurudi nyumbani ni huko. Ukimsomesha yote utakuwa umemwibia safari yake.

Namba usibadilishe. Jumapili hii hii, msisubiri tiketi, kaeni wote wawili kwenye kitanda kimoja, simu katikati, sauti mmeifungua. Ikiita aitike Lifti. Aseme shikamoo mama, ni mimi. Wewe funga mdomo, usimsemee hata akikwama, mwache akwame, mama atamnasua. Atalia, au atamtukana, na akimtukana asikate simu, kayatafuta. Wakimaliza, na si kabla, mwamkie na wewe. Taja jina lako, hilo hilo ambalo huko chini hakuna anayelijua. Hotuba ya kuomba msamaha usiiandae, sema nisamehe mama, kisha usikilize. Na Lifti akikununia baada ya hapo, atanuna siku mbili tatu, mnaishi chumba kimoja na jiko moja, ataenda wapi?

Kuna jambo moja litakalokusumbua ukishayajua haya, nalijibu kabisa usije ukaniandikia barua nyingine. Utasema kumbe alikuwa ananitumia tu apate habari za mwanawe. Pengine mwanzoni ilikuwa hivyo, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini habari alikuwa anazipata bila kufuma chochote. Unasema sweta aliyekusudiwa ni mwingine. Mwanangu, mwili wa mtoto wake mama yule anaujua hata gizani, sweta la Lifti angelifuma bila kumuuliza mtu. Aliomba kamba na shubiri kwa sababu aliyekuwa anamfumia hajawahi kumwona.

Jumapili livae kabla simu haijaita.